Chanjo ya HPV kwa Wanaume: Maswali Ninayoulizwa Nairobi

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya siku zangu huishia kando ya friji ya chanjo katika kliniki moja ya Eastlands. Wanaume wanaofika pale kwa kawaida wamemleta mtoto. Wakiwa kwenye foleni husoma bango lililobandikwa ukutani: msichana wa shule, sweta ya buluu, plasta mkononi, na maneno kuhusu saratani ya mlango wa kizazi. Wengi hulisoma kisha wakatazama pembeni. Lakini haipiti wiki bila mmoja kusubiri mkewe atoke nje na mtoto, asogee mezani, aulize kwa sauti ya chini, "Daktari, hiyo sindano, hata sisi tunadungwa?"

Humwambia kwanza kwamba mimi ni muuguzi, kisha namjibu: ndiyo, hata nyinyi. Maswali yanayofuata baada ya jibu hilo ndiyo haya niliyoyakusanya hapa.

HPV ni nini hasa?

Ni virusi vinavyokaa kwenye ngozi na kwenye utando laini wa mwili: mdomoni, kooni, sehemu za siri, njia ya haja kubwa. Aina zake zinazojulikana zimepita 200. Nyingi hazina neno; ndizo zinazoleta zile chunjua za vidoleni na nyayoni ambazo wengi wetu tulikuwa nazo utotoni. Zipo kama 40 zinazopenda sehemu za siri, na kati ya hizo ndimo zilimo zinazotutisha. Aina ya 16 na ya 18 peke yake husababisha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Aina ya 6 na ya 11 si za saratani, ila ndizo chanzo cha takriban asilimia 90 ya chunjua za sehemu za siri, ambazo wengine huziita masundosundo.

HPV si VVU. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona mtu akitokwa na jasho kwa kusikia tu neno "virusi". Ni vitu viwili tofauti, havibadilikibadiliki kimoja kuwa kingine.

Jambo jingine la kutuliza moyo: karibu kila mtu anayeshiriki ngono huipata HPV wakati fulani maishani, na mwili huifukuza wenyewe. Kwa watu kama tisa kati ya kumi, miaka miwili haiishi kabla haijatoweka. Taabu iko kwa yule wa kumi, ambaye kwake kirusi kinakaa kimya miaka kumi, ishirini, kikiharibu chembe za mwili polepole. Na hakuna ajuaye mapema kama yeye ndiye huyo wa kumi.

Lakini si hii ni chanjo ya wasichana?

Hili ndilo swali linalonikera kuliko yote, na kinachonikera si muulizaji bali namna tulivyolieleza jambo hili kwa umma. Tumelibandika jina la wasichana hadi mwanamume anaona aibu kulitaja.

Historia yenyewe iko hivi. Uhusiano wa HPV na saratani ya mlango wa kizazi ulithibitishwa na mwanasayansi Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake miaka ya 1980, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2006, kwa wasichana na wanawake. Miaka mitatu baadaye, 2009, chanjo hiyohiyo, chupa ileile, ikaidhinishwa kwa wavulana na wanaume. Australia ilianza kuwadunga wasichana shuleni mwaka 2007, na wavulana mwaka 2013. Uingereza iliwaingiza wavulana mwaka 2019.

Kenya ilizindua chanjo hii kitaifa Oktoba 2019. Rais Uhuru Kenyatta aliizindulia Mbita, Kaunti ya Homa Bay, na walengwa walikuwa wasichana wa miaka 10. Sababu haina ubishi. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 5,200 nchini walipatikana na saratani ya mlango wa kizazi na zaidi ya 3,200 walikufa kwayo. Ukiwa na chanjo za kuhesabu, unaanza pale wanapozikwa watu wengi zaidi. Mimi naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, na ningekuwa ndiye mwamuzi ningefanya vivyo hivyo.

Ila aliyeanza kuhudumiwa si yeye peke yake anayeugua. Mwaka 2023 watafiti walikusanya takwimu za nchi nyingi na kuona kwamba karibu mwanamume mmoja kati ya watatu walio na zaidi ya miaka 15 ana aina fulani ya HPV sehemu za siri, na mmoja kati ya watano ana aina inayoweza kuleta saratani. Hesabu wanaume walioketi kwenye matatu ya abiria 14 kutoka Kayole. Wanne au watano, kwa wastani wa dunia. Hakuna anayewashwa, hakuna anayejua.

Mwanamume anaumwa nini na HPV? Mbona sijawahi kusikia mtu amekufa nayo?

Hujasikia kwa sababu cheti cha kifo hakiandiki "HPV". Huandikwa saratani ya koo, au ya uume, au ya njia ya haja kubwa, na familia ikiona haya husema tu "alikuwa na saratani".

Tuanze na lililo dogo. Chunjua za sehemu za siri haziui, lakini zinamtesa mtu. Hutokea kama vipele laini, kimoja au kundi zima mithili ya koliflawa, kwenye uume, pumbu, kinena au kandokando ya njia ya haja kubwa. Unaweza kuchomewa, kugandishwa, kupakwa dawa au kukatwa, kisha zikarudi baada ya miezi mitatu. Nimemhudumia kijana wa bodaboda aliyeahirisha harusi mara mbili kwa sababu ya chunjua. Mchumba alidhani amepata mwingine. Ukweli ni kwamba alikuwa anaona haya kuvua nguo.

Saratani ya uume si ya kawaida, lakini ikija haina huruma. Karibu nusu yake hutokana na HPV. Wanaume huificha. Namkumbuka mzee mmoja, fundi wa viatu, aliyefunga kidonda kwa kitambaa safi alichokuwa akikifua kila usiku, kwa miezi minane, akitumaini kitafunga. Alikuwa amekikunja kitambaa kile vizuri sana, pembe kwa pembe. Kidonda kingeletwa mwezi wa kwanza kingekatwa kidogo tu. Nakusihi: kidonda chochote kwenye uume kisichopona baada ya wiki tatu kinataka macho ya daktari, uwe umechanjwa au hujachanjwa.

Saratani ya njia ya haja kubwa huwapata wanaume na wanawake, na takriban asilimia 90 yake inatokana na HPV. Kisha kuna saratani ya sehemu ya nyuma ya koo, kwenye mafindofindo na shina la ulimi. Huko Marekani nyingi za saratani hizi sasa zinatokana na HPV, nazo huwapata wanaume kuliko wanawake. Kwetu hapa sigara na pombe bado ni washtakiwa wakuu wa saratani za koo, na kuchanjwa hakukupi ruhusa ya kuendelea na pakiti yako. Sigara pia hudhoofisha uwezo wa mwili wa kuifukuza HPV yenyewe.

Kwa mwanamke kuna kipimo cha mlango wa kizazi kinachoweza kuona mabadiliko kabla hayajawa saratani. Kwa mwanamume hakuna kipimo cha namna hiyo kinachofanywa kwa watu wote. Ndiyo maana kwetu sisi kinga ina uzito zaidi: kirusi kikishaanza kazi yake, hakuna mlinzi njiani.

Nimepashwa tohara. Si hiyo inatosha?

Inasaidia. Haitoshi. Utafiti uliofanywa Rakai, Uganda, ulionyesha wanaume waliotahiriwa walikuwa na HPV za hatari pungufu kwa takriban asilimia 35. Ni faida nzuri, na Kisumu tulijionea jinsi tohara inavyopunguza VVU kwa kadiri kubwa zaidi ya hapo. Lakini kirusi hiki hakikai chini ya govi peke yake. Kiko kwenye shina la uume, pumbu, kinena, mdomoni.

Na kondomu je?

Endelea nayo. Inakulinda na VVU, kaswende, kisonono na mimba usiyoipanga, na inapunguza HPV pia. Lakini HPV husambaa kwa ngozi kugusana na ngozi, na kondomu hufunika inapofunika.

Mke wangu amepimwa akaambiwa ana HPV. Ni nani aliileta?

Mwaka jana walikuja mume na mke. Mume alikuwa na karatasi ya matokeo ndani ya pochi, ameikunja na kuikunja tena hadi imekuwa ndogo kama stempu. Aliikunjua mezani kwa vidole viwili. Mke alikuwa anatazama sakafu. Walikuwa hawajaongea tangu Jumapili, na ilikuwa Alhamisi.

Niliwaambia hivi, nami nakwambia wewe. Karatasi hii haisemi nani, wala haisemi lini. HPV inaweza kulala mwilini miaka mingi kabla ya kuonekana kwenye kipimo. Inaweza kuwa ya kabla hamjajuana, kutoka kwa yeyote kati yenu. Mtu aliyewahi kulala na mpenzi mmoja tu maishani anaweza kuwa nayo, ikiwa mpenzi huyo aliwahi kuwa na mwingine. Ukiichukua karatasi hiyo kama ushahidi wa uzinzi, utavunja nyumba kwa hesabu isiyojumlishika.

Kinachohitajika ni mke akamilishe uchunguzi. Atatazamwa mlango wa kizazi, pengine kwa kupakwa dawa ya asidi inayofanana na siki ambayo huonyesha sehemu zenye kasoro kwa weupe, na kama kuna kidonda cha awali hutibiwa, mara nyingi kwa muda mfupi bila kulazwa. Msindikize. Mke anayeandamana na mume wake hukamilisha matibabu, hili nimeliona kwa macho yangu mara nyingi.

Na wewe mume? Huna kipimo cha kufanya, lakini chanjo inaweza kukulinda dhidi ya aina ambazo bado hujazipata. Mume yule aliuliza swali la mwisho wakiwa mlangoni: "Kwa hivyo sikumletea?" Nikamjibu kwamba hatutajua kamwe, wala haijalishi sasa. Mke aliinua uso kwa mara ya kwanza.

Nipimwe HPV kwanza kabla ya kudungwa?

Hapana. Hakuna kipimo cha HPV kilichoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida ya wanaume, na hata kwa wanawake kupimwa si sharti la kupata chanjo. Mtu akitaka kukuuzia kipimo hicho kabla ya sindano, muulize kitabadilisha nini.

Nina miaka 34. Si nimechelewa?

Nitakuwa mkweli, kwa maana pesa ni zako. Chanjo hii hufanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajaanza ngono. Ndiyo sababu duniani kote hulengwa watoto wa miaka 9 hadi 14. Kila mpenzi uliyekuwa naye ni nafasi ambayo kirusi kilikuwa nayo, na chanjo haiondoi kilichokwisha kuingia.

Hadi miaka 26 au karibu na hapo, nchi kadhaa zinazowachanja wanaume zinaishauri bila kusita. Kuanzia 27 hadi 45, Marekani iliidhinisha mwaka 2018, lakini wataalamu wake wanasema mtu ajadiliane na daktari wake kulingana na maisha yake. Kwa hiyo nakuuliza maswali ambayo ningemuuliza kaka yangu. Una mpenzi mmoja wa miaka mingi na huna mpango mwingine? Faida yako ni ndogo, na pengine pesa hiyo ilipie shule. Umeachana na mke na unaanza maisha upya? Umefiwa? Unaishi na VVU? Hapo faida inapanda, nami ningekushauri udungwe. Ni nadra mtu kuwa na aina zote tisa ambazo chanjo ya sasa inazilenga, kwa hiyo hata aliyewahi kupata moja ana za kujikinga nazo.

Chanjo yenyewe ina virusi ndani? Inafanyaje kazi?

Haina virusi, hai wala vilivyokufa. Mwaka 1991, huko Brisbane nchini Australia, wanasayansi Ian Frazer na Jian Zhou waligundua namna ya kutengeneza ganda la nje la kirusi peke yake, bila chembe ya urithi ndani. Lifikirie kama sare ya askari iliyotundikwa bila askari. Mwili unaiona sare, unaikariri, unaweka walinzi. Siku askari mwenyewe akija amevaa sare hiyo, anakamatwa mlangoni. Sare peke yake haiwezi kukupiga risasi, na ganda peke yake haliwezi kukupa HPV wala saratani.

Kwa wanaume ilijaribiwa ipasavyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha wavulana na wanaume 4,065 wa miaka 16 hadi 26 katika nchi 18. Kwa wale waliopata sindano zote na hawakuwa wameambukizwa aina zinazolengwa, chunjua na vidonda vya sehemu za siri vilipungua kwa asilimia 90. Kwa wanawake tumeona hadi mwisho wa safari: huko Uswidi, wasichana waliochanjwa kabla ya kufika miaka 17 walipata saratani ya mlango wa kizazi kwa kiwango cha chini kwa asilimia 88 kuliko wasiochanjwa.

Nasi Wakenya tumechangia elimu hii. Utafiti uliofanywa Thika, Nairobi na Kisumu, ambao Dkt. Nelly Mugo wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, alikuwa miongoni mwa viongozi wake, uliwafuatilia wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Ulionyesha mwaka 2022 kwamba hata sindano moja iliwakinga na aina ya 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza. Ushauri wa dunia kuhusu idadi ya sindano ulibadilika mwaka huohuo. Dada zetu ndio waliotoa mikono yao.

Nimesikia inafanya mtu tasa, au inapunguza nguvu za kiume.

Wasiwasi huu haukutoka hewani. Mwaka 2014 kulikuwa na mzozo mkubwa nchini baada ya maaskofu wa Kikatoliki kudai chanjo ya pepopunda ilikuwa na kitu cha kuzuia mimba. Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani zilikanusha, lakini neno likitoka ni kama mchele uliomwagika. Kila chanjo iliyofuata ilipokelewa kwa jicho hilo, nami simlaumu mzazi anayeuliza.

Jibu: ganda la kirusi haliendi kwenye korodani, haligusi homoni, haligusi mbegu. Hadi mwaka 2017 zaidi ya dozi milioni 270 zilikuwa zimesambazwa duniani, na kamati ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza usalama wa chanjo haikuona ushahidi wa utasa. Kinachoweza kuvuruga raha ya ndoa ni chunjua na saratani zenyewe, pamoja na matibabu yake.

Madhara yake ni yapi basi?

Mkono utauma siku moja au mbili, pengine uvimbe kidogo na kuwa mwekundu. Wengine huumwa kichwa au hupata homa nyepesi. Wengine huzirai, na hapa nawaomba wanaume msijifanye chuma: wanaozirai kwangu mara nyingi ni vijana wenye misuli waliokataa kuketi. Keti dakika 15 baada ya sindano. Kunywa maji, kula kabla ya kuja.

Kama una mzio mkali wa hamira, niambie kabla, kwa kuwa chanjo inayotumika zaidi hutengenezwa kwa chembe za hamira. Ukiwa na homa kali siku hiyo, ngoja upone.

Ninaishi na VVU. Naruhusiwa?

Si kuruhusiwa tu, wewe uko mstari wa mbele. VVU hufanya HPV ing'ang'anie mwilini, na saratani zake huwapata wanaoishi na VVU zaidi. Chanjo haina kirusi hai, kwa hiyo haina hatari ya kukuletea ugonjwa, wala haiingiliani na dawa zako. Panga sindano tatu. Zungumza na kliniki yako unapochukulia dawa.

Wapenzi wangu ni wanaume. Kuna tofauti?

Ipo, na ni kubwa. Australia walipoanza kuwachanja wasichana, chunjua zilipungua hata kwa vijana wa kiume waliokuwa wakilala na wanawake, kabla mvulana yeyote hajadungwa. Kinga ya wasichana iliwafunika. Wanaume wanaolala na wanaume hawakufunikwa, kwani mnyororo wao haupiti kwa wasichana hao. Na saratani ya njia ya haja kubwa huwapata zaidi, hasa wanaoishi na VVU. Uingereza huwapa wanaume hawa chanjo kwenye kliniki za afya ya ngono hadi umri wa miaka 45.

Huhitaji kumweleza mtu wa mapokezi wala yeyote kwenye foleni unalala na nani. Sema tu unataka chanjo ya HPV. Ukiona vipele, maumivu au damu huko nyuma, tafuta mhudumu unayemwamini umweleze wazi. Siri ya mgonjwa ni deni letu sote tuliovaa koti hili.

Mwanangu wa kiume ana miaka 11. Nimdunge?

Ukiweza kulipa, ndiyo. Ningemdunga wangu leo. Huu ndio umri wa mwili kujibu vizuri zaidi, na hakuna mjadala wa "nimechelewa". Huhitaji kumfungulia somo lote la ngono siku hiyo. Mwambie ni chanjo ya kuzuia saratani, na ni kweli.

Lakini kama una binti wa miaka 10 hadi 14 na hajadungwa, anza naye, kesho. Yake hutolewa bure kwenye vituo vya afya vya umma. Wavulana hawamo kwenye mpango huo, ndiyo sababu chanjo yao unailipia kutoka mfukoni.

Naipata wapi Nairobi, na ni pesa ngapi?

Hospitali kubwa za binafsi, vituo vya chanjo na kliniki kadhaa za mjini huwa nayo. Bei hutofautiana sana, kwa hiyo piga simu mbili tatu kabla ya kupanda matatu. Uliza mambo manne: ni chanjo inayokinga aina tisa za HPV au nne, bei ni ya sindano moja au zote, ada ya kumwona daktari imo au haimo, na sindano ya pili itakuwepo nikirudi. Bima nyingi hazilipii chanjo za watu wazima kirahisi, lakini kuuliza ni bure.

Uwe tayari pia kutazamwa. Mimi mwenyewe nilipokwenda kudungwa, nikiwa na miaka 29, nilikwenda hospitali nyingine ya mjini ambako hawanijui. Dada wa mapokezi alitazama nyuma yangu akauliza, "Binti yuko wapi?" Nikamwambia ni mimi. Akaita mwenzake, wakashauriana, wakaniambia hiyo ni ya wasichana nirudi nyumbani. Muuguzi, mwenye cheti cha chanjo, nilitoka mle nikiwa na aibu kana kwamba nimeomba kitu cha haramu. Ilinichukua miezi minne kujaribu kwingine. Ikikupata, mwombe akuitie mfamasia au daktari wa zamu, wao wanajua.

Jambo la mwisho hapa: usidungwe na mtu aliyeitoa chanjo mfukoni au kwenye rafu ya kemisti. Inatakiwa kukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, bila kuganda hata mara moja. Omba uonyeshwe chupa au bomba la sindano kabla halijafunguliwa. Liguse: liwe baridi. Soma tarehe ya mwisho. Mhudumu mzuri hatakasirika. Mimi huwapa wenyewe walishike.

Sindano ni ngapi?

Kwa maelekezo ya watengenezaji, mtoto wa miaka 9 hadi 14 hupata mbili, zikipishana miezi sita hadi kumi na miwili. Kuanzia miaka 15 ni tatu: leo, baada ya miezi miwili, na baada ya miezi sita kutoka ile ya kwanza. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali hata sindano moja kwa walio na miaka 9 hadi 20, na mbili kwa waliozidi hapo wenye kinga ya kawaida. Kwa hiyo ukiwa na miaka 19 na pesa ya moja tu, hiyo moja ina maana. Jadiliana na anayekudunga, msikubaliane kwa kubahatisha.

Chunjua ninazo tayari. Chanjo itaziondoa?

Hapana. Nenda ukatibiwe. Usizikate kwa wembe, usizipake asidi ya betri wala dawa ya chunjua za miguuni. Nimeona makovu yaliyoletwa na hayo. Ukishatibiwa, au hata ukiwa bado unatibiwa, unaweza kudungwa kwa ajili ya aina nyingine.

Nilidungwa ya kwanza, nikasafiri, sasa ni mwaka mzima. Naanza upya?

Huanzi upya. Unaendelea ulipoachia. Njoo na kadi yako, na kama ilipotea, pigia kliniki iliyokudunga wakusomee tarehe na aina ya chanjo kwenye rejista. Wengi hubaki nyumbani kwa kuona haya kwamba walichelewa. Wiki iliyopita kijana alirudi baada ya miezi kumi na minne, kadi yake imelowa mvua, wino umetapakaa, tarehe ya kwanza inasomeka kwa shida. Niliisoma dirishani kwenye mwanga, nikaandika ya pili chini yake, akaketi dakika zake 15.